Mgonjwa Haulizwi Uji? Historia ya Koo Lililoshindwa Kumeza

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya kumeza. Tutarudi nyuma miaka mingi ili tuone jinsi watu walivyojifunza kumtunza mgonjwa ambaye ubongo wake au mishipa yake ya fahamu imeumia hata koo limeshindwa kufanya kazi yake.

Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba mtu akiugua usingoje aombe. Mpikie, mpelekee, mpe. Ni methali ya upendo, na mara nyingi ni ya kweli. Lakini yuko mgonjwa mmoja ambaye methali hii yaweza kumdhuru, nami nilimwona kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika wadi ya hospitali fulani. Kijana mmoja aliyekuwa ameanguka na bodaboda na kuumia kichwa aliletwa kwetu kutoka chumba cha wagonjwa mahututi, kile ambacho wengi wetu tunakiita ICU. Alikuwa amekaa huko siku nyingi akipumuliwa kwa mashine. Sasa alipumua mwenyewe, alifumbua macho, na alimtambua mamake. Mpira wa kulishia ulikuwa bado puani. Saa ya kutembelea wagonjwa, mamake alikuja na thamosi ya uji wa wimbi.

"Sista," aliniambia, "mtoto wangu amekonda. Leo atakula chakula cha mama."

Nilitabasamu, nikaenda kumhudumia mgonjwa mwingine. Mama akamwinua kidogo, akamnywesha vikombe viwili. Kijana alikohoa mara moja, basi. Jioni sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea huku ana maji kooni. Usiku homa ikapanda, akaanza kuhema. Asubuhi alirudishwa ICU. Alikuwa na nimonia.

Mama yule aliniuliza swali moja: "Kwa nini hamkuniambia?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulikuwa tumemweleza habari za dawa, za bili na za saa za kutembelea. Habari za kumeza hatukumweleza. Alidhani ule mpira wa puani ni wa dawa. Mazungumzo ya leo ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

KUMEZA NI KAZI YA UBONGO

Msikilizaji mpendwa, wewe humeza mara nyingi kila siku bila kufikiri. Mate peke yake, ambayo mwili hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, lazima yamezwe, hata ukiwa umelala.

Kooni kuna njia mbili zinazokaribiana sana: ya hewa kwenda mapafuni na ya chakula kwenda tumboni. Tonge linapofika nyuma ya ulimi, pumzi husimama kidogo, koo la hewa hupanda na kujifunga, na njia ya chakula hufunguka. Haya yote hutendeka kwa muda wa kama sekunde moja. Ubongo ndio unaotoa amri, na misuli mingi ya mdomo, ulimi na koo hutii kwa zamu.

Sasa fikiria mtu aliyepatwa na kiharusi, au aliyeumia kichwa, au mtoto aliyepata homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Amri haifiki, au inafika ikiwa imechelewa. Njia ya hewa inabaki wazi wakati uji unapita. Hapo ndipo mtu hupaliwa. Kilichopaswa kwenda tumboni kinaingia mapafuni pamoja na vijidudu vya kinywani, na nimonia inaanza.

LONDON, MWAKA WA 1790

Kwa karne nyingi mtu aliyeshindwa kumeza alikufa kwa njaa na kiu, au alikufa kwa kupaliwa watu wakijaribu kumnywesha. Mwaka wa 1790, huko London, daktari wa upasuaji aliyeitwa John Hunter alimtunza mwanamume ambaye misuli yake ya kumezea ilikuwa imepooza. Hunter hakumlazimisha kunywa. Alifikiri hivi: kama koo limekataa, basi nitapita kando yake.

Wakati huo hakukuwa na mipira ya plastiki. Hunter alichukua ngozi ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akaivisha juu ya kijiti chenye kupindika kilichotokana na nyangumi. Akauteremsha mrija huo hadi tumboni, na kwa kibofu cha mnyama akasukuma chakula laini kama mayai yaliyokorogwa, maziwa na sukari, pamoja na dawa. Mgonjwa akaishi, na baadaye akapata tena nguvu ya kumeza mwenyewe. Hunter aliandika habari hiyo, ikachapishwa mwaka wa 1793.

Mama, unapoona mgonjwa wako ana mpira wa puani, usione haya wala usidhani amekata tamaa ya maisha. Mpira huo ni mjukuu wa ngozi ya mkunga. Kazi yake ni kumlisha mgonjwa huku koo likipumzika na kujifunza upya.

COPENHAGEN, MWAKA WA 1952

Sasa twende Denmark, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya. Ninataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mizizi ya ICU ya leo ilipo.

Kuanzia Julai 1952 mji wa Copenhagen ulivamiwa na mlipuko mkubwa wa polio. Sisi tunaijua polio kwa mguu uliolemaa. Lakini polio ilipofika kwenye shina la ubongo, pale mahali pa amri za kumeza na kupumua, ilipooza koo pamoja na kifua. Wagonjwa hao, wengi wao watoto, walipelekwa katika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya Blegdam, chini ya daktari mkuu H. C. A. Lassen. Hospitali nzima ilikuwa na tangi moja la chuma la kumsaidia mtu kupumua, na vifaa sita vidogo vya kufungwa kifuani.

Katika majuma matatu ya kwanza, wagonjwa 31 walihitaji kusaidiwa kupumua. Kati yao 27 walikufa.

Kwa nini mashine hazikutosha? Tangi la chuma huvuta kifua ili hewa iingie. Lakini mgonjwa asiyeweza kumeza ana mate na makohozi yaliyojaa kooni. Kifua kinapovutwa, kile kilichoko kooni nacho huvutwa kwenda mapafuni. Watoto wale walikuwa wanazama katika mate yao wenyewe.

Tarehe 25 Agosti madaktari walikutana, wakamwita Bjørn Ibsen, daktari wa kutoa nusukaputi, yaani wa kuwalaza wagonjwa wakati wa upasuaji. Wengi walidhani wagonjwa wanakufa kwa sababu virusi vimeharibu ubongo kabisa. Ibsen aliona jambo jingine: hewa chafu haitoki mapafuni vya kutosha. Alisema njia ya hewa itenganishwe na lile koo lililojaa mate, kisha mgonjwa asukumiwe hewa kwa mkono, kama afanyavyo yeye katika chumba cha upasuaji.

Tarehe 27 Agosti alipewa msichana wa miaka 12 ambaye alikuwa anakufa. Walimtoboa tundu shingoni, wakaweka mpira wenye puto dogo pembeni. Puto hilo likijazwa hewa huziba nafasi, mate yasipite kwenda mapafuni. Mwanzoni mambo yalienda vibaya. Msichana alipigana na mpira, na baadhi ya madaktari waliokuwa wakitazama wakatoka nje wakijua amekwisha. Ibsen akampa dawa ya usingizi. Mwili ukalegea, hewa ikaanza kuingia, makohozi yakafyonzwa, rangi ya ngozi ikarudi. Msichana yule aliishi.

Basi tatizo likawa, ni nani atakayeminya mfuko wa hewa usiku na mchana? Mashine hazikutosha. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500 kwa jumla, wakaminya mifuko kwa mikono, kwa zamu. Kulikuwa na wakati ambapo wagonjwa 70 walikuwa wakipumuliwa hivyo kwa pamoja. Wauguzi walikuwa kando yao wakifyonza makohozi na kuwageuza wagonjwa. Na wale ambao walishindwa kumeza tu lakini walipumua wenyewe, walilazwa kwa ubavu na kichwa chini kidogo, ili mate yatoke nje badala ya kuingia mapafuni.

Vifo miongoni mwa waliohitaji kusaidiwa kupumua vilikuwa karibu 9 kati ya 10 hapo mwanzo. Vikashuka hadi chini ya nusu. Desemba 1953 Ibsen alifungua katika hospitali nyingine ya Copenhagen chumba maalumu ambamo wagonjwa mahututi wa kila aina wangetazamwa saa zote. Wengi hukihesabu kuwa ICU ya kwanza duniani.

Umeona, mama? Tukisikia ICU tunafikiri mashine tu. Lakini jambo lililowafundisha watu kuanzisha ICU lilikuwa kushindwa kupumua pamoja na kushindwa kumeza. Na dawa ya kwanza ilikuwa mikono ya watu waliokubali kukaa kando ya kitanda.

Chanjo ya polio ya sindano ilitangazwa nchini Marekani tarehe 12 Aprili 1955 kuwa inafanya kazi, na baadaye ikaja ya matone. Unapompeleka mtoto kliniki kwa chanjo hiyo, unamkinga asifikwe na yale yaliyowafika watoto wa Copenhagen.

BAADA YA MASHINE, TATIZO JIPYA

Mashine za kupumulia ziliwaokoa wengi. Lakini mpira unaopita mdomoni hadi koo la hewa, ukikaa siku nyingi, huacha koo likiwa limechubuka, limevimba na kupoteza nguvu na hisia. Kwa mgonjwa ambaye ubongo wake pia umeumia, ni mizigo miwili. Ndiyo maana mgonjwa aweza kuonekana amepona, anaongea, anacheka, na bado koo lake halijawa tayari.

Hatari kubwa ni ile ya kupaliwa kimyakimya. Koo likipoteza hisia, uji huingia mapafuni na mgonjwa hata asikohoe. Mlezi hufurahi akisema, "Amekunywa vizuri." Watu waligunduaje jambo lisiloonekana? Walitumia eksirei. Mgonjwa humeza chakula kilichochanganywa na dawa nyeupe iitwayo bariamu, na picha inayotembea huonyesha inakokwenda. Mtaalamu wa Marekani Jeri Logemann alieneza sana njia hii, na kitabu chake cha mwaka wa 1983 kiliwafundisha wengi. Mwaka wa 1988 Susan Langmore na wenzake waliandika juu ya njia nyingine, ya kupitisha kamera nyembamba puani na kulitazama koo lenyewe likimeza.

Kwa wale watakaohitaji mpira kwa miezi mingi, njia mpya ilipatikana Cleveland, Marekani. Juni 1979 madaktari Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky walimwekea mtoto mchanga wa miezi minne na nusu mpira wa kulishia moja kwa moja tumboni bila kupasua tumbo kama zamani. Njia iliyotumika leo kwa wazee wengi wenye kiharusi ilianza na mtoto mchanga.

Na kuna jambo ambalo ningependa kila muuguzi na kila mlezi alijue. Mwaka wa 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti kutoka Australia, katika wadi 19 za wagonjwa wa kiharusi. Katika baadhi ya wadi, wauguzi walifundishwa kufanya mambo matatu kwa makini: kudhibiti homa, kudhibiti sukari, na kupima kumeza kabla mgonjwa hajapewa chakula wala kinywaji. Baada ya siku 90, waliokuwa wamekufa au kubaki wa kutegemea wengine walikuwa asilimia 42. Katika wadi nyingine walikuwa asilimia 58. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Ilikuwa ni utaratibu, na kuuliza kwanza.

WEWE MLEZI UFANYE NINI?

Hapa Kenya wataalamu wa kumeza ni wachache, na wengi wako mijini. Kwa hiyo macho ya mama ni ya thamani sana. Tena jambo hili si geni kwako. Kliniki tumekufundisha kwamba mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, hiyo ni dalili ya hatari, mkimbize hospitali. Mtu mzima aliyeumia ubongo naye ni vivyo hivyo.

Kabla ya kumpa mgonjwa wa kiharusi, wa jeraha la kichwa, au aliyetoka ICU kitu chochote kwa mdomo, hata maji, muulize muuguzi: "Je, amepimwa kumeza? Anaruhusiwa nini?" Usiogope kuonekana msumbufu. Wala usimjaribu mwenyewe kwa kikombe cha maji. Watu wengi hudhani maji ni mepesi kuliko chakula. Kwa koo lililochelewa, maji mara nyingi ndiyo magumu zaidi, kwa sababu hukimbia haraka kabla njia ya hewa haijafungwa. Wengine huruhusiwa uji mzito au vyakula vilivyopondwa, lakini uzito huo upangwe na mhudumu wa afya. Ukizidi sana, chakula hubaki kooni.

Akisharuhusiwa, mkalishe wima, kichwa kimeinama mbele kidogo. Asilishwe akiwa amelala chali wala akiwa anasinzia. Mpe kijiko kidogo, ngoja ameze, tazama mdomoni kama pamebaki kitu, ndipo umpe kingine. Zima redio, hata kama ni mimi ninayezungumza. Akimaliza, abaki ameketi kwa nusu saa au zaidi.

Ukiona anakohoa akila, sauti imekuwa kama ina maji, mate yanamwagika, chakula kinabaki shavuni, anahema, au homa inapanda, acha kumlisha na utafute msaada mara moja. Kumbuka lakini kwamba asiyekohoa pia aweza kupaliwa.

Msafishe kinywa angalau mara mbili kwa siku, hata kama hali kwa mdomo. Utafiti wa Langmore wa mwaka wa 1998 uliofanywa kwa wazee ulionyesha kwamba walio katika hatari kubwa ya nimonia ni pamoja na wanaolishwa na watu wengine, wanaotegemea wengine kusafishwa kinywa, na wenye meno yaliyooza. Maana yake ni kwamba mkono unaolisha na mkono unaosafisha kinywa una nguvu ya kuokoa au kudhuru.

Kama analishwa kwa mpira wa puani, inua kichwa cha kitanda au mwegemeze kwa mito. Hakikisha alama ya mpira iko pale pale ulipoonyeshwa. Pitisha maji safi baada ya chakula ili mpira usizibe. Ukichomoka, usiurudishe mwenyewe. Mpira uliopotea njia waweza kuingia mapafuni.

Ninajua mtanzuko wa mama. Kumwona mwanao akitazama chakula na wewe umekatazwa kumpa, ni uchungu. Shangazi na majirani watakuja waseme, "Hapa wanamuua kwa njaa." Waonyeshe mpira. Waambie chakula kinaingia, ila kinapita njia nyingine kwa muda.

Yule kijana wa bodaboda alikaa ICU mara ya pili, akatoka. Safari hii mamake alifundishwa. Alijifunza kumlisha kwa mpira, kisha kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja kwa wakati. Siku aliporuhusiwa uji, mama aliniita nije nitazame kwanza kabla hajainua kijiko. Tulikaa pamoja, tukahesabu vijiko. Vilikuwa sita. Ilitosha kwa siku ile.

Basi msikilizaji mpendwa, methali ya wahenga tuihifadhi. Mgonjwa haulizwi uji. Lakini koo lake liulizwe kwanza.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Ubongo au mishipa ya fahamu ikiumia, kumeza kwaweza kupotea hata kama mgonjwa anaongea.
2. Mgonjwa wa kiharusi, jeraha la kichwa au aliyetoka ICU asipewe kitu kwa mdomo kabla ya kupimwa kumeza.
3. Kupaliwa kwaweza kuwa kwa kimya. Tazama sauti, pumzi na homa.
4. Lisha akiwa ameketi wima, yuko macho, kijiko kidogo kidogo.
5. Kinywa safi hukinga mapafu.
6. Mpira wa kulishia ni njia ya chakula. Ukichomoka, mwite mhudumu wa afya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tangi la chuma halikutosha kuwaokoa wagonjwa wa Copenhagen waliokuwa wameshindwa kumeza?
2. Je, umewahi kumwona mgonjwa akilazimishwa kula? Ilikuwaje?
3. Jamaa wakikulaumu kwamba humpi mgonjwa chakula kwa mdomo, utawajibu nini?